Baada ya Farao

Mkatekumeni akikaribia siku ya Ubatizo, padri humwuliza jina alilolichagua. Mmoja husema Petro, mwingine Maria, mwingine Anuarite. Hakuna anayeogopa kulitaja. Lakini wazee waliobatizwa katika mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata, wanakumbuka mambo mengine. Mwaka ule serikali ya Jenerali Mobutu iliyakataza majina ya Kikristo yaliyotoka Ulaya. Kila raia alipaswa kuchukua jina la mababu tu, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula wa Kinshasa alihesabiwa kuwa adui kwa ajili ya shauri hilo. Akaondolewa katika nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa. Wakristo wengi waliendelea kuitana kwa majina yao ya Ubatizo, lakini nyumbani na kanisani tu, kwa sauti ya chini.

Mtu asidhani kwamba jina la babu ni baya. Ni jema sana, na Mwenye heri Anuarite mwenyewe anaitwa kwa jina la Kiafrika. Neno lenyewe ni hili: mtawala yule hakutosheka na kodi, wala hakutosheka na askari, wala na migodi ya shaba. Alitaka kufika mpaka kwenye maji ya Ubatizo, aseme yeye mtoto aitweje.

Alikuwa amejitwalia ufalme tarehe 24 Novemba 1965. Baada ya miaka michache kulikuwa na chama kimoja tu, na sheria ikasema kwamba kila mtu wa nchi ni mwana wa chama hicho tangu kuzaliwa kwake. Tazameni jambo hilo vizuri. Mtu huingia katika Kanisa kwa kuulizwa na kujibu. Ninyi mnafundishwa muda mrefu, tena mnaulizwa mara nyingi kama mnataka kweli. Katika chama kile hakuna aliyeulizwa. Katika mwaka 1974 Noeli haikuwa tena siku ya kupumzika kazi. Shule za misioni zilichukuliwa na serikali, zikaharibika, na katika mwaka 1977 serikali ikaomba wenyewe wazirudie. Watu wa ofisi, walimu na wanafunzi waliamriwa kuimba na kucheza ngoma ya kumsifu mkubwa. Aliyecheza vizuri alionekana raia mwema. Aliyekaa kimya aliandikwa.

Ilikuwa hivyo muda wa miaka 31 na zaidi. Tarehe 16 Mei 1997 mtawala huyo alitoroka Kinshasa, akafa Moroko katika Septemba ya mwaka uleule, akazikwa kulekule. Mwili wake u mbali. Je, mafundisho yake nayo yalikwenda mbali?

Someni habari za Waisraeli katika Kitabu cha Kutoka. Walivuka bahari kwa miguu mikavu, wakaliona jeshi la Farao limezama, wakaimba. Lakini haikutimia miezi miwili, walianza kunung'unika na kutamani vyungu vya nyama vya Misri. Farao hakuwapo tena. Hakuna aliyeshika fimbo juu yao. Hata hivyo mioyo yao ilirudi kwake, maana mtumwa amefundishwa kupokea posho na kunyamaza. Hajafundishwa kushauriana, wala kuchagua, wala kungoja. Musa alipokawia mlimani, walitaka mara moja kitu cha dhahabu cha kusujudia. Mtu aliyezoea kuinama hutafuta upesi mahali pengine pa kuinama.

Kongo nayo ilikuwa hivyo. Utawala ule ulikuwa umewafundisha watu mambo ambayo hayaondoki kwa ndege ya mtawala. Mtu alijifunza kunyamaza mbele ya jirani yake, kwa kuwa jirani aliweza kuwa sikio la serikali. Alijifunza kupiga makofi asipopendezwa. Alijifunza kwamba mtu wa ofisi asiyelipwa mshahara atajilipa mwenyewe katika mfuko wa yule aliyekuja kuomba karatasi. Jambo hilo likapewa jina la upole, likaitwa matabishi. Askari, mwalimu, karani, wote walijua kwamba serikali haiwalipi sawasawa, na kila mmoja alitafuta njia yake. Baada ya miaka mingi watu hawakuona tena kwamba ni wizi. Hilo ndilo jeraha kubwa kupita mengine yote.

Watu wa Kongo hawakukaa bure wakingoja. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika Agosti 1991 ulifunguliwa Mkutano Mkuu wa Taifa, wajumbe zaidi ya 2,000, ili kuitazama nchi na kuitafutia sheria mpya. Kila upande ulimwogopa mwenzake. Mwishowe, katika Desemba, walimchagua Askofu Monsengwo wa Kisangani awe msimamizi wao. Wengine husema kwamba mtu wa Kanisa hapaswi kukaa katika kiti cha namna hiyo. Wana sababu yao: kazi ya askofu ni nyingine. Lakini nyumba ikiwaka moto, hakuna anayemwuliza mwenye ndoo kazi yake ni gani.

Katika Januari 1992 serikali iliufunga mkutano huo. Tarehe 16 Februari, siku ya Bwana, Wakristo wa Kinshasa walitoka katika Misa wakaandamana wakiomba ufunguliwe. Hawakushika mawe. Walishika rozari, misalaba na Biblia, wakaimba. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa njiani. Katika Aprili mkutano ulifunguliwa tena, na mwezi wa Agosti wajumbe walimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu.

Mtu angeweza kusema: basi, demokrasia imefika. Haikufika. Mobutu alibaki na fedha na askari, akamteua waziri mkuu mwingine. Katika mwaka 1993 nchi ilikuwa na mawaziri wakuu wawili na mabunge mawili, hata fedha mbili, kwa kuwa watu wa Kasai waliikataa fedha mpya wakaendelea na ile ya zamani. Mkutano uliweza kusema yaliyo ya haki. Haukuwa na mkono wa kuyatimiza. Neno la haki lisilo na mlinzi hukanyagwa. Tena kati ya wapinzani wenyewe wengi walikubali kuitwa waziri kesho yake, wakamwacha yule waliyemshangilia jana. Walikuwa wanafunzi wa shule ileile.

Halafu ikaja njia nyingine, ile ya bunduki. Nabii Samweli aliwaonya Israeli walipotaka mfalme: atawachukua wana wenu kuwa askari wake, mashamba yenu atawapa watumishi wake. Hawakusikia. Vita ilianza mashariki mwaka 1996. Askofu mkuu Munzihirwa wa Bukavu aliuawa barabarani tarehe 29 Oktoba mwaka ule, yeye aliyekuwa akiwaombea watu wote, wenyeji na wakimbizi pamoja. Katika Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa, na watu walimshangilia kwa moyo wote. Kabla ya mwezi huo kwisha vyama vya siasa vilikatazwa kufanya kazi. Mwaka uliofuata vita vingine vilianza, vikubwa kupita vya kwanza. Huku Kivu walitawala wengine walioshika silaha, nao pia walijiita wapigania demokrasia. Monsinyori Kataliko, aliyepokea kiti cha Bukavu baada ya Munzihirwa, aliwaandikia waamini wake barua ya Noeli 1999 akitaja mateso yao waziwazi. Katika Februari 2000 watawala hao walimzuia asirudi katika jimbo lake, wakamweka Butembo mpaka Septemba. Alirudi Bukavu, na wiki chache baadaye alifariki Roma.

Kumbukeni basi: mtu aweza kumfukuza Farao kwa bunduki, lakini bunduki hiyohiyo humwuliza kesho yake, nani atakayeniambia neno?

Jibu la swali hilo laonekana katika Maandiko mahali ambapo wasomaji wengi hupita haraka. Yetro, mkwe wa Musa, alimkuta Musa ameketi peke yake tangu asubuhi mpaka jioni, akiamua mashauri ya taifa zima. Hakumsifu. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, litamchosha yeye na watu pia. Akamshauri achague wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, watu wanaomcha Mungu na kuchukia rushwa. Ajabu ya shauri hilo ni hii: Musa alikuwa mtu mtakatifu, wala hata kwake haikufaa amri zote kukaa katika mkono mmoja. Tena Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria chaagiza kwamba mfalme ajiandikie nakala ya Sheria, aisome siku zote za maisha yake, asijikuze juu ya ndugu zake. Sheria ni juu ya mfalme. Hiyo ndiyo mizizi ya katiba.

Vita viliposimama, wale waliopigana waligawana serikali mwaka 2003: rais mmoja na makamu wanne. Haikuwa serikali ya watakatifu, na watu waliicheka. Lakini chini yake katiba iliandikwa, na katika Desemba 2005 watu waliulizwa kama wanaikubali, wengi wakakubali. Ilitiwa sahihi tarehe 18 Februari 2006. Katika kifungu cha 70 imeandikwa kwamba rais atawala miaka mitano, na aweza kuchaguliwa mara ya pili tu. Kifungu cha 220 kinakataza kuibadili hesabu hiyo ya vipindi. Walioandika walijua mioyo ya watu. Walijua kwamba atakayekaa katika kiti atakiona kitamu, na wapambe wake watamwambia kwamba hakuna mwingine awezaye kukikalia. Kwa hiyo waliufunga mlango mapema, ufunguo wakautupa nje.

Tarehe 30 Julai 2006 zaidi ya watu milioni 25 walikuwa wameandikwa kupiga kura. Tangu 1965 hawakuwa wameuona uchaguzi wa namna hiyo. Tume ya uchaguzi ilisimamiwa na padri wa jimbo la Butembo-Beni, Abbé Malumalu. Wagombea wa urais walikuwa 33, na wa viti 500 vya bunge walikuwa zaidi ya 9,000. Katika miji mikubwa karatasi ya kura ilikuwa pana kama gazeti, yenye kurasa kadhaa, na mzee asiyejua kusoma alipaswa kutafuta sura moja katikati ya mamia ya sura. Akaitafuta. Watu waliamka kabla ya jogoo, wakasimama katika mistari. Hilo lastahili heshima.

Lakini hesabu ya duru ya kwanza ilipotangazwa katika Agosti, askari wa rais na askari wa Jean-Pierre Bemba walipigana Kinshasa siku tatu, na katika Machi 2007 walipigana tena. Hapa pana fundisho gumu. Kupiga kura hakukuwa kugumu. Kugumu ni kushindwa. Mahali ambapo mshindi huchukua vyote, na mshindwa huogopa jela au mauti, hakuna atakayekubali kushindwa. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 8, inawatambua wapinzani na haki yao ya kufanya kazi. Kijijini neno hilo ni gumu kueleweka. Chifu ni mmoja, na anayempinga huitwa mchawi au mgomvi. Lakini hata barazani pa wazee, mzee mwenye kukataa husikilizwa mpaka mwisho, wala hafukuzwi kijijini kwa kuwa alikataa.

Sasa litazameni jambo ambalo katika kijiji chenu litawagusa ninyi wenyewe, yaani kuhesabu kura.

Jioni ya uchaguzi mlango wa chumba hufungwa. Sanduku hufunguliwa mbele ya mashahidi wa vyama na wa Kanisa. Kura hutolewa moja moja, huinuliwa, husomwa kwa sauti. Hesabu huandikwa katika karatasi, wote hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni ili kila mtu asome. Wenye kufanya kazi hiyo si watu wa mbali. Ni mwalimu wa shule, ni muuguzi, ni kijana aliyemaliza masomo, na mara nyingi ni Mkristo. Karatasi ile ya mlangoni ni kitu kidogo, lakini katika nchi yote hakuna kitu kinachowaogopesha waongo kupita hicho. Tangu mlangoni pale hesabu husafiri kwa pikipiki, kwa mtumbwi, kwa gari, mpaka mahali pa kujumlishwa. Na njiani ndiko inakogeuka.

Katika mwaka 2011 sheria ilibadilishwa mwezi wa Januari, duru ya pili ikafutwa, ili atakayeongoza duru ya kwanza awe rais hata kama hakupata nusu ya kura. Uchaguzi ulifanyika tarehe 28 Novemba. Kinshasa karatasi za vyumba vya kura karibu 2,000 zilipotea. Huko Malemba-Nkulu, Katanga, ilisemekana kwamba karibu kila mtu aliyeandikwa alipiga kura, na karibu wote kwa mtu mmoja, kana kwamba mwaka ule hakuna aliyeugua wala aliyesafiri wala aliyekufa. Kardinali Monsengwo alitangaza kwamba matokeo hayo hayakupatana na ukweli wala na haki.

Muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila uliisha katika Desemba 2016, na uchaguzi haukufanyika. Maaskofu waliwakutanisha wakubwa, wakaandika mapatano usiku wa Mtakatifu Silvestri, kwamba uchaguzi ufanyike mwaka unaofuata. Haukufanyika. Walei Wakatoliki waliandamana tarehe 31 Desemba 2017, tena katika Januari na Februari 2018. Watu waliuawa, kati yao alikuwamo msichana aliyekuwa akijitayarisha kuwa mtawa. Mwishoni mwa mwaka 2018 kura ilipigwa. Kanisa lilikuwa limewatuma watazamaji 40,000 hivi nchini kote, kila mmoja akaandika aliyoyaona katika karatasi. Tume ilipomtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi, maaskofu walisema kwamba matokeo hayo hayapatani na hesabu walizozipokea.

Hivyo basi, tarehe 24 Januari 2019, rais aliye hai alimpa mwenzake kiti pasipo risasi, jambo ambalo halijatokea tangu uhuru wa 1960. Wakongo walifurahi, tena walihuzunika, siku ileile. Walioona furaha tu walijidanganya, na walioona huzuni tu walisahau nchi ilikotoka. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 mashine za kura zilikutwa katika nyumba za watu, na tume yenyewe ilizifuta kura za wagombea 82. Wengine walishangaa kwamba wizi ulikuwa mkubwa hivyo. Yafaa kushangaa pia kwamba safari hii wezi walitajwa kwa majina.

Mkatekumeni aweza kuuliza: mgombea akija kijijini na chumvi, sabuni na vitenge vyenye sura yake, mtu afanye nini? Mama mwenye watoto wenye njaa akipokea chumvi, dhambi kubwa ni ya yule anayefanya biashara na njaa ya mwenzake. Lakini mama huyo asidhani kwamba amefungwa. Aliyeahidi kuiba haifungi ahadi yake. Vivyo hivyo aliyeahidi kuuza kura. Katika chumba cha kura yuko peke yake na dhamiri yake. Chumvi huisha katika wiki mbili, na mbunge hukaa miaka mitano. Walakini afadhali asipokee, kwa maana mkono uliozoea kupokea hufika siku ukaomba wenyewe.

Na yule aliyewekwa kuhesabu? Labda hajalipwa posho yake. Labda usiku mtu amemletea bahasha, akimwomba aongeze tarakimu moja tu. Katika Amri ya Nane Mungu hakusema habari za majirani wawili wanaogombania mbuzi peke yake. Tarakimu moja katika karatasi ile ni ushahidi wa uongo juu ya watu wote waliosimama katika mstari tangu alfajiri. Mtu huyo akitaka Ubatizo, au akiwa amekwisha kuupata, ajue kwamba jambo hilo hupelekwa katika kitubio kama wizi, na kilichoibwa hupasa kurudishwa. Naye atairudishaje kura?

Watu wa Beni walionyesha thamani yake. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 2018 tume ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku moja na wengine, kwa sababu ya ugonjwa wa Ebola na ya wauaji wa porini. Wengi hawakuamini sababu hiyo, kwa maana masoko na makanisa yalikuwa wazi. Tarehe 30 Desemba, siku ya Bwana, watu wa Beni walipanga mistari yao wenyewe. Walitengeneza karatasi zao, wakaweka masanduku yao, wakanawa mikono kwa ajili ya ugonjwa, wakapiga kura mmoja mmoja. Hapakuwa na mgombea wa kuwapa sabuni. Kura zenyewe za wabunge walizipata tarehe 31 Machi 2019. Rais alikuwa amekwisha kuapishwa miezi miwili iliyopita, na kura ya Beni ya kumchagua rais haikuingia katika hesabu yoyote ya nchi.